Ufunguo wa ghala

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki liliuliza hivi: kilimo na chakula vimeuumbaje utamaduni wa binadamu, na vinaendeleaje kuiumba jamii ya kisasa? Nadhani wasomaji wengi wataanzia shambani, kwenye mbegu ya kwanza iliyofukiwa na jembe la kwanza lililochongwa, nao hawatakuwa wamekosea. Mimi naomba nianzie nyuma ya nyumba, penye kihenge. Naamini kwamba kulima kulimbadilisha binadamu, lakini kuweka kulimbadilisha zaidi. Yaani ile hali ya kuwa na chakula kingi kuliko kinachoweza kuliwa leo, ambacho lazima kilindwe, kihesabiwe, na hatimaye kigawanywe na mtu fulani kwa kanuni fulani.

Ushahidi wa mambo ya kale haunipingi. Mahali paitwapo Dhra', karibu na Bahari ya Chumvi nchini Yordani, wanaakiolojia wamefukua mabaki ya maghala yaliyojengwa zaidi ya miaka 11,000 iliyopita. Sakafu zake ziliinuliwa kutoka ardhini ili hewa ipite chini na panya wasiingie kwa urahisi. La kushangaza ni kwamba shayiri iliyowekwa humo ilikuwa bado ya mwituni. Nafaka ya mwituni hupukutisha punje zake inapokomaa, ilhali ile iliyozoeshwa mikono ya binadamu hubaki na punje kwenye suke mpaka ipurwe, na mabadiliko hayo yalikamilika karne nyingi baadaye. Ghala, kwa hiyo, lilitangulia shamba kama tunavyolijua. Panya alifuata punje, na paka akamfuata panya: katika kisiwa cha Kupro limefukuliwa kaburi la miaka 9,500 hivi iliyopita ambamo paka alizikwa kando ya mtu.

Methali husema akiba haiozi, lakini waliojenga sakafu zile walijua vizuri kwamba akiba huoza, hufukuliwa na panya, hutobolewa na fukusi na huota ukungu, na kwamba jirani mwenye njaa ni wa kuhofiwa kuliko hao wote. Mwenye kihenge hawezi kuhama kila msimu akifuata wanyama na matunda. Lazima akae, alinde, aweke ukuta, na aamue nani anaruhusiwa kufungua na lini. Juu ya hapo kuna mtihani ambao mwindaji hakuujua: kulala njaa ukiwa na mbegu ndani, kwa sababu mbegu hiyo ni ya msimu ujao. Sidhani kuna fundisho la maadili lililopenya ndani ya binadamu kuliko hilo. Kuahirisha shibe ya leo kwa ajili ya siku isiyoonekana bado ndiko kunakotufanya tumheshimu mwenye subira na tumdharau mlafi, hata pale ambapo ghala la mlafi limejaa.

Hesabu ya siku nayo ilitokana na haja hiyo. Wamisri wa kale waligawa mwaka wao wa siku 365 katika majira matatu, nayo yote yalifuata mto Nile na shamba: majira ya mafuriko, majira ya mimea kuchipua, na majira ya mavuno. Asiyejua mavuno yajayo yako umbali gani hawezi kujua apime kiasi gani leo.

Kisha yakaja maandishi. Vibao vya udongo vilivyopatikana Uruk, kusini mwa Iraki ya leo, vilivyoandikwa karne za mwisho kabla ya mwaka 3000 K.K., ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yanayojulikana, na sehemu kubwa yake ni hesabu: shayiri iliyoingia, pombe iliyotoka, kondoo waliokabidhiwa, posho ya wafanyakazi. Alama ya kitendo cha kula iliandikwa kwa kuchora kichwa cha mtu pamoja na bakuli la posho. Mashairi na visa vya miungu vilisubiri mamia ya miaka. Karani wa ghala ndiye aliyemtangulia malenga. Sisi tusemao Kiswahili hatuna sababu ya kustaajabia alama ile, kwa maana katika lugha yetu mtu hula kiapo, hula njama, hula riba na hula hasara, wala hakuna aulizaye kwa nini mambo mazito namna hiyo yapitie kinywani.

Hapa kuna jambo ambalo hutajwa mara chache, ingawa kwangu ndilo kiini cha swali lenu. Si kila zao linaweza kuzaa karani. Ngano, shayiri, mpunga na mahindi huiva kwa pamoja, juu ya ardhi, mbele ya macho ya kila apitaye, na punje zake hukaushwa, hupimwa kwa pishi na husafirishwa bila kuharibika upesi. Mtoza kodi anaweza kufika siku ya mavuno na kuondoka na fungu lake. Muhogo hauna utii huo, kwani unaweza kukaa udongoni miezi mingi baada ya kukomaa, ukang'olewa shina moja moja kadiri ya haja, na ukishang'olewa huharibika baada ya siku chache usipokaushwa. Ndiyo maana wapo wataalamu wanaosema kwamba dola za kale za Misri, Mesopotamia na China zilisimama juu ya nafaka kwa sababu nafaka ndiyo iliyokubali kutozwa kodi. Milima ya Andes, huko Amerika Kusini, huonekana kuikanusha hoja hiyo, kwa kuwa watu wa huko walitegemea sana viazi. Lakini tazama walivyovifanya: waliviacha usiku vigandishwe na baridi, wakavikanyaga mchana ili maji yatoke, wakavianika juani, wakapata chakula kikavu kiitwacho chuño ambacho hukaa miaka bila kuoza. Baada ya hapo himaya ya Inka ikajenga maelfu ya maghala kandokando ya barabara zake, na kwa kuwa haikuwa na maandishi ya aina tuliyozoea, hesabu ikatunzwa kwa mafundo ya kamba yaitwayo quipu. Kiazi kilipokubali kuwekwa, karani akazaliwa.

Sitaki nionekane nalidharau shamba. Mwanauchumi wa Denmark, Ester Boserup, aliandika mwaka 1970 kwamba mahali palipolimwa kwa jembe la mkono wanawake walikuwa na nafasi kubwa katika kazi za shamba, ilhali plau, inayohitaji nguvu za mwili na kumsimamia mnyama, iliwasukuma wanaume mbele na wanawake ndani ya nyumba. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba mitazamo iliyotokana na hali hiyo kuhusu nafasi ya wanawake hudumu hata kwa wajukuu ambao hawajawahi kushika plau. Miili yetu pia ina kumbukumbu za kilimo na ufugaji: uwezo wa mtu mzima kuyeyusha maziwa tumboni ulienea katika jamii za wafugaji, nao ulizuka mahali tofauti kwa njia tofauti. Haya ni ya kweli. Hata hivyo, mimi naona yanaeleza namna tulivyotofautiana, wakati ghala linaeleza namna tulivyotawaliwa.

Maana ghala lina mlango, na mlango una ufunguo. Kisa cha Nabii Yusuf, kinachosimuliwa katika Kurani na katika Biblia, kinamwonyesha mfungwa aliyepewa mamlaka juu ya nchi nzima kwa sababu alijua la kufanya na nafaka ya miaka saba ya neema. Mwaka 54 K.K. watawala wa China walianzisha maghala ya serikali yaliyonunua nafaka ilipokuwa rahisi ili mkulima asiumie, na kuiuza ilipopanda ili mlaji asife. Wazo hilohilo liliingia katika sheria ya kilimo ya Marekani mwaka 1938. Katika jimbo la Bengali, India iliyokuwa chini ya Waingereza, mwaka 1943, watu kati ya milioni mbili na tatu walikufa kwa njaa na maradhi yaliyoandamana nayo. Mwanauchumi wa India, Amartya Sen, aliyeiona njaa hiyo akiwa mtoto wa miaka tisa na baadaye akapata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1998, alionyesha kwamba chakula kilichokuwapo mwaka ule kilipungua kidogo tu kuliko kawaida, na kilizidi cha mwaka 1941. Bei zilipaa kwa sababu ya vita, ujira wa vibarua wa mashambani ukabaki nyuma, na wasio na kitu cha kubadilishana wakaachwa nje ya mlango. Nikisikia mtu akisema kwamba njaa ni matokeo ya ukame tu, huwa nataka kumuuliza ghala lilikuwa wapi na nani alikuwa na ufunguo wake.

Jamii ya kisasa haikuliondoa ghala, ililifanya lisionekane. Chicago, nchini Marekani, ni mahali pazuri pa kuona hilo likitendeka. Kabla ya katikati ya karne ya 19, gunia la ngano lilikuwa na mwenyewe mpaka linapouzwa, na kama ngano ilikuwa chafu, ilijulikana ni ya nani. Kisha yakajengwa maghala marefu yenye mitambo ya kupandisha nafaka juu, ambamo ngano ya wakulima wengi ilimiminwa pamoja, na soko la nafaka la mji huo, lililoanzishwa mwaka 1848, likaweka madaraja ya ubora. Mkulima aliondoka na stakabadhi isemayo kwamba anastahili kiasi fulani cha daraja fulani. Stakabadhi hiyo iliweza kuuzwa na kuuzwa tena bila punje moja kusogea, na mwaka 1865 soko hilo liliweka kanuni rasmi za mikataba ya nafaka itakayopokelewa miezi ijayo. Karani wa Uruk angeielewa biashara hiyo mara moja, ila angeshangaa kukuta watu wakiuza shayiri ambayo haijapandwa.

Mengine yalifuata kwa kasi. Nicolas Appert alitunukiwa faranga 12,000 na serikali ya Ufaransa mwaka 1810 kwa njia yake ya kuhifadhi chakula ndani ya vyombo vilivyozibwa na kuchemshwa. Mwaka 1882 meli iitwayo Dunedin ilifikisha London nyama iliyogandishwa kutoka New Zealand, na tangu hapo bahari yenyewe ikawa ukumbi wa ghala. Mwanakemia wa Ujerumani, Fritz Haber, alifaulu mwaka 1909 kutengeneza amonia, ambayo hutumika kutengenezea mbolea, kutokana na naitrojeni ya hewani, mwenzake Carl Bosch akaifanya kazi ya kiwanda, na leo inakadiriwa kwamba karibu nusu ya watu duniani wanakula mazao yaliyowezeshwa na mbolea hiyo. Nchini Marekani, karibu watu 4 kati ya kila wafanyakazi 10 walikuwa wakulima mwaka 1900. Sasa hawafiki 2 kati ya 100. Ofisi, vyuo, viwanda na maktaba tunazojivunia zimejazwa na watu walioachiliwa kutoka shambani.

Gharama yake ni kwamba wengi wetu tunakula kutoka ghala tusilolijua, lililojazwa na watu tusiowaona. Mwaka 2022, kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, tani bilioni 1.05 za chakula zilitupwa madukani, mikahawani na majumbani, na majumbani ndiko kulikotoka zaidi ya nusu. Mwaka uliofuata watu wapatao milioni 700 walikuwa na njaa. Kihenge kilikuwa na panya, jokofu lina usahaulifu wetu. Aliyewahi kuchagua punje za mbegu huku watoto wakilia asingeweza kusahau mkate mpaka ukaota ukungu, si kwa sababu alikuwa mwema kuliko sisi, bali kwa sababu alijua kilichomo ndani hadi kwenye kibaba cha mwisho.

Na bado habari ya ghala moja inaweza kuitikisa dunia nzima. Bei ya mchele ilipopaa mwaka 2008 baada ya nchi kadhaa kuzuia mchele wao usitoke nje, Japani ilikuwa na shehena kubwa ya mchele wa kigeni iliokuwa imeununua kwa sababu ya masharti ya biashara ya kimataifa. Ilipotangazwa kwamba huenda shehena hiyo ikaachiliwa, na Ufilipino ikatajwa kuwa mnunuzi, bei ya dunia ilianza kushuka kabla mchele wenyewe haujapakiwa. Kilichofunguliwa kilikuwa kinywa cha mwenye ufunguo.

Liko ghala la namna nyingine, lisilo la kula. Nikolai Vavilov, mtaalamu wa mimea wa Urusi, alizunguka mabara akikusanya mbegu mpaka taasisi yake mjini Leningrad (St. Petersburg ya leo) ikawa na hazina isiyokuwa na mfano. Aliwekwa kizuizini mwaka 1940 na akafia gerezani mwaka 1943, baada ya kudhoofishwa na njaa. Mji ule ulipozingirwa kuanzia mwaka 1941, wenzake walizilinda mbegu zile usiku na mchana, na baadhi yao wakafa njaa wakiwa wamezungukwa na nafaka. Leo nakala za mbegu za dunia zimehifadhiwa tangu mwaka 2008 ndani ya mlima wa ardhi iliyoganda huko Svalbard, visiwa vya Norwei karibu na Ncha ya Kaskazini. Mwaka 2015 watafiti ambao hazina yao ya mbegu ilikuwa karibu na Aleppo, nchini Syria, na ambao vita viliwaondoa huko, waliomba masanduku yao, wakazipanda mbegu hizo Lebanoni na Moroko, na mwaka 2017 wakarudisha nyingine mpya. Jengo ni mali ya Norwei, lakini kila sanduku ni la aliyeliweka, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kulifungua.