Maswali ya Wasomaji: Pini, Mipasuko na Duka la King's Road

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi cherehani hapa Tanga. Mwezi uliopita kijana mmoja aliniletea koti la ngozi alilolinunua mitumbani, limepigwa njumu mabegani, na mkono mmoja umepasuka kisha ukashikizwa kwa pini kama zile za kufungia nepi. Nilipoanza kuhesabu sehemu za kuziba akanizuia. Alitaka nipunguze kiuno tu, kwa maelezo kwamba mipasuko na pini ni mtindo wa panki. Nimesikia pia kwamba huko Ulaya koti la namna hiyo likiwa jipya huuzwa ghali kuliko koti zima. Mtindo huu ulitoka wapi, na ni nani aliyewaaminisha watu kwamba nguo iliyochanika ni pambo?

Msomaji, Tanga

JIBU: Fundi, kwanza tuondoe utata wa jina. Panki hapa si yale mapanki ya sangara wauzayo Mwanza; ni neno la Kiingereza cha mitaani lililomaanisha mhuni au mtu asiye na maana, ambalo vijana wa New York na London walilipokea katika miaka ya 1970 kama jina la muziki wao, kisha likawa jina la mavazi yao.

Kuhusu chanzo, kuna miji miwili inayogombea. Huko New York, katika kilabu kidogo cha CBGB kilichofunguliwa mwishoni mwa 1973, mwanamuziki Richard Hell alikuwa akipanda jukwaani na fulana zilizochanika, nyingine zikiwa zimeshikizwa kwa pini, na nywele fupi zilizosimama ovyo. Malcolm McLaren, Mwingereza mwenye duka la nguo aliyekuwa huko kusaidia kundi la New York Dolls, alimwona, akavutiwa, na aliporudi London mwaka 1975 alirudi na wazo hilo kichwani.

Duka lake lilikuwa namba 430, King's Road, mtaa wa Chelsea, na aliliendesha pamoja na Vivienne Westwood. Huyu mama angekupendeza, Fundi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ambaye hakusomea ushonaji: alijifunza kwa kufumua nguo kuukuu, akiangalia kila kipande kimekatwaje na kimeungwaje, jambo ambalo fundi yeyote aliyewahi kufumua suruali ya mtumba ili apate kipimo chake atalielewa mara moja. Duka lilibadilishwa jina mara kadhaa, likaitwa SEX mwaka 1974 na Seditionaries mwishoni mwa 1976, na humo ndimo lilimozaliwa kundi la muziki la Sex Pistols, ambalo McLaren alilisimamia na ambalo, tuseme ukweli, lilikuwa pia tangazo la biashara lenye miguu.

Itazame suruali moja ya duka hilo kwa jicho la kazi yako. Kitambaa ni pamba nyeusi yenye kung'aa. Zipu haikuishia mbele bali ilipita kati ya miguu hadi nyuma. Na mkanda uliunganisha goti na goti, hata mvaaji asiweze kupiga hatua ndefu. Hakuna kilichokosewa katika ushonaji wake. Sweta zao za mohair, yaani sufu ya mbuzi, zilifumwa kwa ulegevu wa makusudi, na fulana zilishonwa kwa vipande viwili vya mraba huku mishono ikiachwa nje. Yaani kila ambacho fundi hufundishwa kukificha, zipu, mshono na kiungo, wao walikileta mbele ya macho.

Hata hivyo, si kila panki alipita dukani. John Lydon, mwimbaji wa Sex Pistols, amedai kwamba pini zake hazikuwa pambo, bali zilizuia suruali iliyochakaa isimwachie makalio wazi. Inawezekana kabisa. Mwaka 1976 Uingereza ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1 wasio na ajira, na bei za King's Road hazikuwa za watu hao. Sex Pistols walipotukana hadharani katika kipindi cha televisheni tarehe 1 Desemba 1976, magazeti ya kesho yake yaliwatangaza nchi nzima, na vijana wa miji ya mbali wakaanza kujishonea: pini kutoka kopo la mama, rangi ya kupaka ukuta, mkanda wa mbwa shingoni, hata mfuko wa takataka uliotobolewa matundu ya mikono. Baadhi walivaa pia alama ya Kinazi ili kuwaudhi wazee waliopigana vita, na kwa maoni yangu hilo halina utetezi. Kiduku kirefu chenye rangi, ambacho wengi hukidhani ndicho mwanzo wa panki, kilienea baadaye, kuelekea miaka ya 1980.

Sasa hilo la bei. Matajiri hawakusubiri. Mwaka 1977, wakati polisi wa London walipokuwa wakiwakamata vijana hao, mbunifu Zandra Rhodes alionyesha magauni yenye mipasuko iliyopangwa kwa kipimo na pini zilizopambwa kwa vito. Mwaka 1982 Mjapani Rei Kawakubo alitoa sweta jeusi lenye matundu mfano wa lililoliwa na nondo, na mwaka 1994 mwigizaji Elizabeth Hurley alivaa gauni jeusi la kampuni ya mitindo ya Versace ambalo ubavuni lilishikizwa kwa pini kubwa za dhahabu. Westwood mwenyewe alitunukiwa nishani na Malkia mwaka 1992, ingawa miaka 15 kabla ya hapo fulana zake zilikuwa na picha ya Malkia huyohuyo akiwa amechomekwa pini mdomoni. Mwanawe na McLaren, Joe Corré, alichukizwa na mambo hayo kiasi kwamba mwaka 2016 alizichoma moto hadharani nguo na kumbukumbu za panki, juu ya boti katika mto Thames, akizikadiria kuwa na thamani ya pauni milioni 5.

Kwa hiyo anayenunua jipya hulipia mpasuko uliodhibitiwa, na kazi hiyo unaiweza. Kwa kitambaa, zungushia mpasuko mshono mdogo ili usiendelee kukimbia. Kwa ngozi kama ya koti la mteja wako, bandika kipande upande wa bitana kabla ya kurudisha pini. Mwambie pia azitoe kabla ya kulihifadhi msimu wa mvua, kwa maana pini za chuma huacha kutu. Na usimpunguzie bei kwa sababu tu hukuziba kitu.