Usipime projesteroni siku ya 21 kabla hujasoma hapa

Hii nawaandikia wadada mnaotafuta mtoto na mzunguko wenu ni mrefu, yaani zile siku 33, 35 ndo uone damu tena. Mie mmojawapo. Hapa Ngamiani ukikaa muda bila mimba kila mtu ana jibu lake, shangazi atasema una chango, wifi atakuletea mizizi ya kusafisha kizazi, ukienda kupima napo unapewa karatasi imeandikwa projesteroni (homoni inayopanda yai likishatoka) siku ya 21 tangu uanze kuona damu iko chini, kwa hiyo hupevushi mayai. Mie nilipewa hiyo karatasi na hamna hata mmoja aliyeniuliza mzunguko wangu una siku ngapi.

Sasa ngoja niwaeleze inavyokwenda. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo inaitwa pituitari, inatoa homoni mbili, FSH na LH. FSH inapita kwenye damu mpaka kwenye ovari, inakuza vifuko vya mayai, na vifuko vikikua vinatoa istrojeni. Wengi tunadhani kichwa kinaamrisha na ovari inatii tu, wapi! Ovari nayo inajibu. Istrojeni ikiwa ya kiasi, pamoja na homoni nyingine ya hukohuko kwenye ovari inaitwa inhibini, zinaizuia pituitari, FSH inapungua, vifuko vidogo vinakosa nguvu vinakufa, kinabaki kile kilichowatangulia wenzake. Sasa hapa ndo penyewe: kile kimoja kinazidi kumwaga istrojeni, na ikikaa juu sana kwa kama siku mbili hivi mambo yanageuka, homoni ileile iliyokuwa inaizuia pituitari sasa inaichochea, LH inapanda kwa mkupuo na yai linatoka ndani ya kama saa 36. Yaani ovari ndo inayosema niko tayari, kichwa kinafuata. Mpaka leo hii kitu inanishangaza.

Kifuko kilichoachia yai ndo kinachotoa projesteroni, na projesteroni inaituliza pituitari isianze kukuza mayai mengine. Mimba isipoingia kinaishi kama siku 14 kinakufa, homoni zinashuka, unaingia mwezini, FSH inaanza kupanda upya.

Kwa hiyo jamani nusu ya pili haitofautiani sana kati ya mtu na mtu, inayorefuka ni ile ya kwanza. Mwenye siku 28 yai linatoka karibu na siku ya 14 na projesteroni inafika juu karibu na siku ya 21, kipimo kiko sawa kwake. Mwenye siku 35 siku ya 21 ndo kwanza yai linatoka, sasa hiyo projesteroni itoke wapi? Mwambie daktari upimwe kama siku 7 kabla ya hedhi unayoitarajia, kwa huyu wa 35 ni siku ya 28. Mie niliporudia hivyo majibu yakawa mengine kabisa.

Na hesabu ya siku za hatari aliyonifundisha somo yangu nayo ni ya siku 28, namheshimu sana bibi wa watu lakini kwangu haikai. Bora uangalie ute, ukiona unavutika kama ute wa yai bichi ujue istrojeni iko juu na yai liko njiani, hizo ndo siku za kukutana na mume, msisubiri upite.

Kama ulikuwa unachoma sindano ya miezi mitatu, ile inaibana pituitari makusudi ili LH isipande, ukiacha inaweza kuchukua miezi kadhaa, wengine karibu mwaka, mayai yaanze kutoka tena, usikimbilie mizizi. Ila hedhi ikipotea kabisa, au inapishana zaidi ya siku 35 kila mara, nenda hospitali na tarehe zako umeziandika kwenye simu. Pia ukitafuta mwaka mzima bila kitu nenda, na kama una miaka 35 kwenda juu usingoje zaidi ya miezi 6. Na baba naye apime mbegu, kipimo chenyewe hakina hata sindano, kazi ni kumshawishi tu aende.