Tumbo Linazingua

Maswali ya wasomaji kuhusu lugha. Majibu ni ya mwalimu mstaafu wa Kiswahili.

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Binti yangu ana miaka 14, yuko kidato cha pili. Mwezi uliopita alilalamika tumbo, nikampeleka zahanati. Daktari akamuuliza anajisikiaje. Akasema, "Tumbo linazingua." Daktari: "Linazinguaje?" Binti: "Linazingua tu, yaani, aina flani hivi." Daktari akanigeukia mimi, nikamjibia. Tukapewa dawa, akapona, ila nilirudi nyumbani na aibu yangu. Kwake kila jambo ni freshi, ni noma, au linazingua. Chakula freshi, mtihani noma, mwalimu kazingua, simu inazingua. Nikimtuma jikoni anauliza, "Kile kidude?" Je, mtoto huyu ana upungufu, au ni hii simu? Nimnyang'anye?

Mama wa Watatu, Tabata, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba, mwanangu. Simu mwachie kwanza, tutaifikia.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikakwama kwenye neno ambalo naona umeliandika bila kulijali: "nikamjibia". Binti kaulizwa yeye, tumbo ni lake, kasema "aina flani hivi", na wewe ukamalizia. Nadhani na nyumbani ni hivyohivyo. Anasema "Mama, nipe ile", unampa chumvi. Anasema "nimeweka pale", unajua ni juu ya friji. Umemzaa, unamjua, unamwelewa kabla hajafungua kinywa. Sasa mtu anayeeleweka hivyo ahangaike na maneno ya nini?

Kuzingua, kwa taarifa yako, ilikuwa kazi ya mganga: kumwondolea mtu uchawi. Vijana wamelichukua neno wakaligeuza, na mimi sina ugomvi nao, maneno yamekuwa yakigeuzwa tangu enzi. Shida yangu ni kwamba limebeba mzigo mkubwa mno. Simu iliyokwama, rafiki aliyevunja ahadi, mwalimu aliyegomba, tumbo linalouma, yote hayo yamezingua. Kati ya rafiki na rafiki linatosha. Kwa daktari halitoshi hata kidogo.

Maana tumbo kwa Kiswahili lina mambo mengi. Linakata, linasokota, linanyonga, linavuta kwa chini, linaunguruma, limejaa gesi. Kichwa kinagonga, kinawanga, kinazunguka. Ubavu una kichomi, mguu umekufa ganzi, kidonda kinachonyota kikiguswa na ndimu. Hayo si mapambo ya washairi. Maumivu yaliyoanzia kitovuni yakahamia chini upande wa kulia humfanya daktari afikirie kidole tumbo, na hapo hakuna kusubiri kesho. Yanayowaka juu, chini ya kifua, humpeleka kwingine kabisa. Siku nyingine mkienda, kaa kimya. Najua ni vigumu. Daktari akikugeukia, nawe mgeukie binti.

Na simu? Jaribu hili. Muulize picha moja inaweza kufanywa nini. Utasikia: kuiposti, kuifowadi, kuiediti, kuikropu, kuisevu, kuidileti. Muulize mtu asiyejibu ujumbe amefanya nini. Atakwambia amekausha, amechuna, amemwachia tiki za bluu, na mambo yakiharibika zaidi, amempa bloku. Mtoto mwenye upungufu hapambanui hivyo. Maneno yake yamekwenda mahali shughuli zake zilipo.

Mimi mwenyewe niliumbuka mwaka jana. Bomba la nyuma ya nyumba lilipasuka kwenye kona, fundi akanituma dukani. Nimefundisha Kiswahili miaka 31, nikasimama mbele ya kaunta nikasema: "Naomba kile kidude kinachounganisha bomba likikunja kona." Kijana wa dukani, sidhani kama amefika miaka 18, akauliza, "Elbo, mama. Ya nusu au ya robo tatu?" Nyuma yake kulikuwa na visanduku, na kila kimoja kilikuwa na jina lake: nipo, tii, soketi, yunioni, koki. Kijana huyohuyo, akiketi na bibi yake aliye shamba, pengine bibi atasema hana maneno.

Mimi nimekulia Pangani, chini ya minazi. Sikumbuki mtu kunifundisha kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi na mbata. Nilitumwa kitale nikaleta koroma, nikarudishwa juani. Nilishika mbuzi ya kukunia nazi, nikajikata kidole, nikakama tui la kwanza na la pili, chicha nikawatupia kuku. Binti yako analiona tui likiwa limeshatoka kwenye pakiti, au nazi imekunwa na mashine sokoni. Akikwambia "yale maji ya nazi" na "yale makapi", usimcheke. Kitu ambacho hakijawahi kupita mikononi mwake, jina lake atalishikia wapi?

Basi mpe kazi za mikono, na ukimtuma, tuma kwa jina. Acha "lete hiyo". Sema lete upawa, lete kawa, lete chujio. Yeye akisema "kile kidude", jifanye mzito. Uliza kina umbo gani, kinafanya nini, kikoje ukikishika. Atanuna. Siku ya tatu ataanza kujibu ili akutoe mbele yake.

Jingine ni dogo ila nilipenda kulifanya darasani: kubeba. Niliwaambia wanafunzi neno hilo limepigwa marufuku mpaka kengele ilie. Mama mwenye ndoo kichwani je? Amejitwika. Aliyemsaidia kuipandisha? Amemtwika. Akifika? Ametua. Mtoto mgongoni kwa mbeleko? Ameelekwa. Mtoto mapajani? Amepakatwa. Noti kwenye pindo la kanga kiunoni? Imefutikwa. Sarafu ndani ya ngumi? Imefumbatwa. Wengi walikuwa wanayajua nusu. Hakuna aliyekuwa amewaomba kuyatoa.

Na umeme ukikatika usiku, tega vitendawili. Watu wanaviona ni vya watoto wadogo, lakini sijui zoezi linalovizidi. Mtegaji haruhusiwi kutaja jina la kitu, na papo hapo hawezi kusema "kile kidude", kwa sababu hakuna atakayetegua. Analazimika kukichungulia kitu mpaka akione. Usiishie kwenye vile vya "nyumba yangu haina mlango". Waambie watege vya vitu vilivyomo humo ndani. Mjukuu wangu, ambaye naye kila kitu ni noma, alitega hiki: "Nalishwa tarakimu 20, natapika mwanga." Nikahangaika, nikashindwa, nikampa mji, akaenda Bagamoyo akala, akarudi, ndipo akaniambia: mita ya umeme, ile ya LUKU.

SWALI

Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 16. Shuleni nikiongea Kiswahili naandikwa jina. Nyumbani babu anasema Kiswahili changu cha barabarani. Kiingereza nacho sijakimudu. Nikisimama kueleza kitu, naanza "yaani", nasema tena "yaani", halafu nakaa. Darasa zima linanitania kwa jina hilo.

Yaani, Morogoro

JIBU

Marahaba, mjukuu wangu. Babu yako mwambie nimemsalimu, na umweleze yafuatayo.

Wewe umesoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Ukaambiwa mmea hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, na jambo hilo linaitwa usanisinuru. Neno zuri, limeundwa vizuri, ukalizoea. Ukaingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote yakageuka Kiingereza kwa siku moja. Usanisinuru ukabaki nyuma getini pamoja na kipeo, kizio na mvuke. Kiswahili chako cha fikra kilisimamishwa ukiwa na miaka 13 au 14, umri ambao ndio kwanza kilitaka kukomaa, na kile cha kuchukua nafasi yake hakijafika. Pengo hilo ukajazia "yaani". Wewe hukulichimba. Wakubwa tunalijadili miaka nenda miaka rudi, na wewe huwezi kusubiri tumalize.

Kwa hiyo fanya hivi. Una mdogo wako wa darasa la sita? Kama huna, azima wa jirani. Kila Jumamosi mweleze kwa Kiswahili jambo moja ulilofundishwa kwa Kiingereza wiki hiyo. Usimtafsirie daftari, mweleze mpaka aweze kukurudishia kwa maneno yake. Hapo utagundua lipi umelielewa na lipi ulilikariri, na aibu yake ni ndogo kwa sababu anayekusikiliza ana miaka 12. Neno likikukosa, zunguka: sema linafanya nini, linafanana na nini. Kiingereza chako nacho kitafaidika, maana hutajua kulieleza kwa lugha ya pili jambo ambalo hukulielewa kwa yoyote.

Na hilo "yaani" usilitupe. Limetoka Kiarabu, lina maana ya "inamaanisha". Ukilitamka umeahidi kwamba ufafanuzi unakuja. Kosa lako si kulisema, ni kukaa chini kabla hujalipa. Ukishasema "yaani", nyamaza kidogo, vuta pumzi, halafu lipa. Kimya cha sekunde tatu hakijamuua mtu, ingawa darasani kinaonekana kirefu kama mstari wa benki mwisho wa mwezi.

SWALI

Mwalimu, nimkataze mwanangu kusema "noma"?

Baba Mkali, Arusha

JIBU

Hapana. Muulize tu: noma kwa sababu gani?

SWALI

Mwalimu, mimi ni bibi wa miaka 63, nimekuwa nikiwasema wajukuu kwa "dude" zao na "nanihii" zao. Juzi mmoja kashika kanga yangu, akaniuliza hayo maandishi yanaitwaje, na huu ukingo, na hapa katikati. Nikasema, "Hayo ni... nanihii ya kanga." Amecheka mpaka akakaa chini. Nisaidie nijibu.

Bibi wa Chumbageni, Tanga

JIBU

Salama, dada yangu. Wewe una bahati, mimi niliumbuka kwa elbo mbele ya wateja.

Ukingo unaozunguka pande zote nne ni pindo. Sehemu ya katikati ni mji. Maandishi ni jina la kanga, wengine huita ujumbe. Mwite mjukuu, itandaze kanga kitandani, mwonyeshe vyote vitatu kwa kidole. Kisha umwombe akusomee jina la kanga hiyo, halafu akueleze ni la kumpelekea nani na kwa ugomvi upi. Akishindwa, mwambie atoe mji.