Kushindwa Nako Hufanyiwa Mazoezi

Maswali ya wasomaji kuhusu vijana na michezo

SWALI: Nawafundisha soka vijana wa chini ya miaka 15 hapa Arua. Tulitolewa nusu fainali kwa mikwaju ya penalti. Kipa wangu alivua jezi akaitupa chini, wawili wakakataa kuwapa wenzao mkono, mmoja akamfuata refa kwa matusi. Niliwakemea palepale mbele ya watu. Jumatatu mazoezini walikuja 7 tu kati ya 18. Nifanyeje?
Kocha, Arua

JIBU: Kocha, adabu uliyoidai ni ya haki, ila hukuwahi kuifundisha. Kupiga krosi wamejifunza kwa wiki nyingi. Kumpa mkono mtu aliyekutoa mashindanoni wakaagizwa siku ileile, hasira zikiwa juu. Mtoto aliyetoka kushindwa moyo unamwenda mbio, mwili umekaza, maneno hayasikii. Hotuba haimwingii wakati huo. Kinachomwingia ni aibu ya kukemewa hadharani, na kwa maoni yetu ndiyo iliyowaweka nyumbani wale 11. Wafuate kwao, mmoja mmoja, uwaambie umekosea kuwakemea mbele za watu. Usiongeze "lakini". La matusi kwa refa lizungumze na aliyetukana peke yake, siku nyingine, kisha mwende wote wawili kumwomba refa radhi.

Halafu wawekee utaratibu mmoja usiobadilika, wameshinda au wameshindwa. Kipenga cha mwisho kikilia, wote wakusanyike kwa nahodha kwenye duara la katikati. Wavute pumzi 5: kuingiza kwa hesabu ya 4, kutoa kwa hesabu ya 6. Sehemu ya kutoa iwe ndefu, maana hiyo ndiyo inayopunguza kasi ya moyo. Kisha wapange mstari, nahodha mbele, kipa wa pili. Kipa awekwe hapo kwa makusudi: baada ya penalti yeye ndiye wa kwanza kutaka kukimbilia kubadilisha nguo, na akiwa nyuma kabisa atapotea kabla zamu yake haijafika. Mkono wa kulia, macho usoni, neno moja: "Hongera." Wakimaliza wachezaji, wamwendee refa na wasaidizi wake, kisha kocha wa upande wa pili. Yote hayo hayazidi dakika 4.

Kulia kunaruhusiwa muda wote huo. Kinachokatazwa ni kutupa vitu, kutukana na kuondoka. Lieleze hili waziwazi, kwa sababu vijana wengi hudhani adabu maana yake ni kuficha uchungu. Wakijua kwamba mtu anaweza kutoa mkono huku machozi yanamtoka, sababu ya kukimbia inapungua.

Siku mkishinda, utaratibu ni uleule, na kushangilia kuanze baada ya kupeana mikono. Anayecheza ngoma mbele ya kipa aliyefungwa leo ndiye atakayetupa jezi kesho.

Baada ya hapo ni maji, kivuli, na kimya cha dakika 10. Kimya hicho kinakuhusu na wewe. Ukifungua mdomo, uliza nani ameumia na usafiri unaondoka saa ngapi, basi. Uchambuzi ungoje mazoezi yanayofuata, na usipite dakika 15. Kila mmoja aandike kwenye daftari mistari mitatu: nilichofanya vizuri, kosa langu mimi, nitakachokifanyia kazi wiki hii. Mstari wa pili ndio mgumu, na ndipo unyenyekevu unapoanzia. Utakuta kijana ameandika "refa alituonea." Usimgombeze. Muulize: "Kabla filimbi haijapulizwa, wewe ulikuwa umesimama wapi?" Mwache afute mwenyewe.

Sasa wazoeze. Mara moja kwa wiki, mwishoni mwa mazoezi, cheza wanne kwa wanne, dakika 6, timu moja ikianza ikiwa nyuma 0–2. Badilishana. Kisha penalti 3 kila upande, na utaratibu wa mikono mpaka mwisho. Wiki ya kwanza watacheka, ya pili watafanya kivivu. Usiache. Na waliofungwa usiwazungushe uwanja kama adhabu. Anayekimbizwa kwa sababu amefungwa hujifunza kuogopa kufungwa, na mwoga wa kufungwa hutafuta mtu wa kumtwika lawama.

Kwa aliyekosa penalti, waambie habari ya Cranes, timu ya taifa ya Uganda. Oktoba 2012, pale uwanja wa Namboole, katika mechi ya marudiano ya kufuzu Kombe la Afrika, Uganda iliifunga Zambia, mabingwa wa Afrika wakati huo, 1–0, na matokeo ya jumla ya mechi mbili yakawa sare. Penalti zikaisha 9–8, Zambia wakapita. Septemba 2016 Cranes waliifunga Comoro 1–0 wakafuzu Kombe la Afrika, mara ya kwanza tangu lile la 1978.

SWALI: Binti yangu ana miaka 14, anakimbia mita 1,500. Mashindano ya wilaya ameshika nafasi ya 6, na waliochukuliwa ni watatu. Nilimwambia "si kitu, mwanangu", akanijibu kwa ukali kwamba sielewi. Viatu vyake vya kukimbilia amevisukuma chini ya kitanda. Baba yake anamwambia asiyekubali kushindwa si mshindani.
Mama, Kapchorwa

JIBU: Mama, kwake yeye ni kitu, tena kikubwa. Mwambie, "Najua inauma. Nilikuona ulivyokimbia," kisha nyamaza. Methali ya baba ni ya kweli, lakini ikisemwa siku ileile huwa kama kofi. Aiweke wiki mbili. Na mtoto wa jirani asitajwe kabisa.

Viatu viache vilipo kwa siku 4 au 5. Baadaye mwombe kocha muda wa kila mzunguko. Mita 1,500 kwenye uwanja wa mita 400 ni mizunguko mitatu na robo tatu, na kosa la kawaida la vijana ni kuwafuata walioondoka kwa kasi. Tuseme mzunguko wa kwanza alikimbia sekunde 78, wa tatu 96. Hapo hana haja ya kujiita dhaifu. Alitumia nguvu mapema. Kosa hilo lina dawa: mara moja kwa wiki akimbie mita 400 mara nne, kila moja kwa sekunde 86 hadi 88, akipumzika dakika 3 katikati. Inayoponyoka chini ya 86 haihesabiwi. Namba hizi ni za mfano. Kocha azipange kwa uwezo wake.

Na yupo mtu wa hukohuko kwenu. Machi 2017, mbio za nyika za dunia Kololo, Kampala, Joshua Cheptegei alikuwa anaongoza peke yake mbele ya watu wake, mzunguko wa mwisho miguu ikamwisha. Akapitwa na mmoja, na mwingine, na wengine wengi, akaendelea hadi mstari akiwa wa 30. Agosti mwaka huohuo, London, alipata medali ya fedha ya mita 10,000. Mwaka 2019 akashinda mbio zilezile za nyika huko Aarhus. Mwonyeshe binti hasa ile sehemu ya kuendelea hadi mstari: katika mbio za nyika timu huhesabiwa kwa nafasi za wakimbiaji wake, na aliyejitoa hana nafasi ya kuhesabiwa.

SWALI: Mwanangu amechujwa kwenye timu ya mpira wa kikapu ya shule. Orodha ilisomwa paredi, jina lake halimo. Niende kwa mwalimu?
Mzazi, Bombo

JIBU: Nenda baada ya siku mbili tatu, na si kwa kudai orodha ibadilishwe. Msemaji awe kijana. Wewe kaa pembeni. Aulize: "Mwalimu, nikitaka nafasi muhula ujao, nirekebishe mambo gani mawili?" Aandike majibu, na waweke tarehe ya kutazamwa tena.

Walimu nao waache kusoma orodha paredi. Wasiochaguliwa waitwe kwanza, mmoja mmoja, dakika 3 zinatosha: hukuchaguliwa, sababu ni hii, tutakuangalia tena tarehe hii. Orodha ibandikwe baadaye.

Siku ya mechi ya kwanza aende akakae na wenzake. Asipoweza, aende ya pili.