Mwalimu mkuu mpya Longido: mchango wa chakula usiutangaze mstarini

Hapana mkuu. Hiyo barua ya mchango wa chakula unayotaka kuwapa watoto Jumatatu mstarini wapeleke nyumbani, iweke kabatini kwanza. Umeuliza mengi, nyumba za walimu, usafiri, kuongoza walimu waliokuzidi umri, ila mi naanza na chakula maana ndicho kilichonivua cheo cha ualimu mkuu huko huko umasaini.

Tangu elimu bila ada ianze 2016 wazazi wanachojua ni kwamba shule ni bure. Ruzuku ya serikali kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, chakula hakimo, na mtoto katembea porini tangu alfajiri tumbo tupu, kwa hiyo mchango unahitajika kweli, hilo sibishi. Bosi wangu mmoja wa elimu akaniambia we tangaza tu, watazoea, asiyeleta mahindi na maharage mrudishe amlete mzazi. Nikafanya. Ilikuwa kiangazi, wanaume wamehama na ng'ombe kutafuta malisho, bomani wamebaki kina mama na mabibi, nani mwenye kauli ya kuuza hata mbuzi? Watoto wakaenda nyumbani na wengi ndo ikawa basi, wavulana wakafuata mifugo, mabinti wa darasa la sita nikaja kusikia wengine wameshaposwa. Cheo nimeshasahau, hao mabinti bado wananiuma.

Malalamiko yakafika wilayani, naulizwa muhtasari wa kikao cha wazazi uko wapi, sina, na yule aliyenituma kakaa pale pale kikaoni anasema hajui lolote! Maagizo yake yote yalikuwa ya simu. Mtu anajua kabisa ni marufuku kumrudisha mtoto kwa ajili ya mchango, anakutuma kwa mdomo ili kesho akukane. Na usiniambie nina hasira, ninazo.

Muhtasari kwanza, mahindi baadaye. Wafuate malaigwanani, yaani viongozi wa mila wa Kimaasai, na wenyeviti wa vitongoji huko huko bomani, usiwaite ofisini kwako. Waamue wao ni debe ngapi, nani asamehewe, na zikusanywe lini, na wao watakwambia ni baada ya mvua mifugo ikiwa imenona ina bei mnadani. Muhtasari wa kikao na mahudhurio visainiwe, nakala moja kwa mtendaji wa kijiji, nyingine kwa afisa elimu kata. Ufunguo wa stoo akae nao mjumbe wa kamati ya shule ambaye ni mzazi, we usiuguse. Na mtoto ambaye kwao hawajaleta anakula na wenzake, deni ni la mzazi.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu, muulize mtendaji tarehe na uombe ajenda yako iingie mapema. Tafuta mtu mzima wa kutafsiri Kimaasai, usimpe mwanafunzi kazi hiyo, maana kina mama wengi watakaokaa nyuma kimya hawakipati Kiswahili vizuri na hao ndo watakaopika.