Swali Moja kwa Wiki: Kazi za Historia na Fasihi kwa Watoto Wanaosomea Nyumbani

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Sisi ni familia tano hapa Malindi tunaowasomesha watoto wetu nyumbani, wenye umri wa miaka 11 hadi 14. Watoto hukutana kwangu Jumatatu na Jumatano kwa masomo ya historia, jiografia na fasihi, na siku nyingine kila mmoja husomea kwao. Jumapili usiku huwatumia wazazi taarifa ya darasa pamoja na kazi za wiki kwenye kundi letu la WhatsApp, lakini taarifa hiyo imerefuka hadi wazazi hawaimalizi, na watoto huja Jumatatu hawajasoma. Niandike nini, na niache nini?
Mama wa watoto watatu, Malindi

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na siku, kwa sababu naona ndiyo inayowaumiza watoto zaidi. Kazi inayotangazwa Jumapili usiku haiwezi kusomwa kabla ya Jumatatu asubuhi, hata na mtoto mwenye bidii. Ipeleke Jumatano jioni, darasa likishatoka, ili wazazi wawe na Alhamisi ya kutafuta kitabu na watoto wawe na siku za mwisho wa wiki za kusoma bila kuharakishwa.

Kuhusu urefu, mfano wa taarifa uliotuletea una kazi za historia, ramani, shairi na ufahamu, na hakuna hata moja inayohusiana na nyingine. Nakushauri uchague swali moja la wiki, kisha historia, jiografia na fasihi zote zilitumikie swali hilo. Kwa watoto wa Malindi maswali hayo yako mlangoni. Chukua hili: kwa nini Vasco da Gama alipokewa vizuri Malindi mwezi wa Aprili 1498, ilhali siku chache tu kabla ya hapo alikuwa ameondoka Mombasa kwa uhasama? Historia itawaeleza watoto kwamba Malindi na Mombasa zilikuwa zikishindana na kwamba mfalme wa Malindi alikuwa na haja ya mshirika. Jiografia nayo itawaeleza kwamba Aprili ndio wakati kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, imekwisha na kusi, upepo wa kutoka kusini, inaanza, nayo ndiyo ivushayo vyombo kwenda Bara Hindi, na kwa hiyo wageni wale, waliofika Calicut, bandari ya India, mwezi wa Mei, waliondoka kwa wakati wake. Mtoto ambaye baba yake au mjomba wake ni mvuvi ana mtu wa kumuuliza habari za pepo hizo jioni ileile, na jibu atakaloleta darasani litakuwa na uzito kuliko aya aliyoinakili kitabuni.

Usiogope kuwapa watoto jambo ambalo watu wazima wanabishania. Mfalme wa Malindi alimpa Da Gama rubani wa kumwonyesha njia. Vitabu vingi vya zamani vimemtaja rubani huyo kuwa ni Ahmad ibn Majid, baharia mashuhuri wa Kiarabu, na wanahistoria wengi siku hizi wanalikataa dai hilo. Shajara iliyoandikwa na mmoja wa watu waliokuwa katika safari ile haimtaji kwa jina. Mtoto wa miaka 13 anaweza kuulizwa: habari hii tumeipata kwa nani, na je, yupo mtu wa Malindi aliyeandika alichokiona siku ile? Atagundua mwenyewe kwamba masimulizi tuliyo nayo ya mapokezi yale yametoka kwa wageni. Ugunduzi huo ukimpata mapema, hatasoma tena ukurasa wa historia kama anayekariri.

Sasa taarifa yenyewe. Sehemu ya kwanza iseme kilichotendeka darasani, kwa ukweli, hata kama ulipanga kurasa kumi mkafika ya nne. Sehemu ya pili iseme kinachofuata. Ningeiandika hivi: «Jumatano tulibishana kama mfalme wa Malindi aliwakaribisha Wareno kwa hofu au kwa hesabu zake mwenyewe. Watoto watatu walisema hofu, wengine hesabu, na hatukuafikiana. Muulize mwanao leo yeye alisema nini na kwa ushahidi gani. Kwa Jumatatu: asome kurasa nne tulizotia alama, aende kuuona mnara wa Vasco da Gama pale pwani na auchore, kisha aandike aya moja inayojibu swali la wiki. Aliye chini ya miaka 12 aseme jibu lake, mzazi aliandike.» Mzazi ataimaliza taarifa hiyo akiwa amesimama dukani. Lile sharti la kumuuliza mtoto alisema nini usiliache kamwe, kwani mzazi ambaye hakuwapo darasani hana njia nyingine ya kuingia katika somo.

Nakala ya kila taarifa ibandikwe katika daftari kubwa lenye tarehe, pamoja na kazi za watoto zilizosahihishwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamwajibisha mzazi kuhakikisha mtoto wake anahudhuria shule, kwa hiyo wazungumzeni mapema na ofisi ya elimu iliyo karibu nanyi, nanyi mkiwa na daftari hilo mkononi. Litahitajika pia siku mtoto atakapotaka kurudi shuleni au kusajiliwa kwa mtihani wa taifa.

SWALI: Assalaam alaykum. Binti yangu ana miaka 12 na tunamsomesha nyumbani hapa Lamu. Mamangu mzazi anajua tendi nyingi kwa moyo na huzisoma kwa khati ya Kiarabu, lakini hajawahi kukaa darasa la shule. Je, mtoto akishinda naye jioni, naweza kuihesabu kuwa kazi ya fasihi ya wiki?
Baba wa Lamu

JIBU: Wa alaykum salaam. Ihesabu, na uiweke mbele ya kazi nyingine zote za wiki hiyo. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858 na mama wa visiwa hivyo hivyo kama usia kwa binti yake, na mtoto wako ana bahati ya kuusikia utendi kwa sauti ya bibi yake kabla hajakutana nao katika kitabu cha mtihani. Lakini kusikiliza peke yake hakutoshi. Bibi asome beti mbili polepole, binti aziandike kwa herufi za Kilatini, kisha ahesabu mizani: kila kipande kinapaswa kuwa na minane, vipande vitatu vya mwanzo vifanane vina, na cha nne kishike kina kinachorudi mwisho wa kila ubeti hadi utendi uishe. Hesabu isipotimia, arudi kwa bibi amwombe asome tena. Mara nyingi atakuta ameruka silabi. Maneno ya Kiamu ayaandike kama alivyoyasikia bila kuyageuza yawe ya Kiswahili sanifu, na maana yake aiweke pembeni.

Baada ya hapo aandike ukurasa mmoja: mama yule alikuwa akimwogopea nini binti yake, na ni usia gani kati ya ule ambao yeye binti wa leo angeukubali, na upi angeujadili na bibi. Katika taarifa ya wiki andika beti zilizosomwa, tarehe, na swali ambalo mtoto alimuuliza bibi. Wiki ya Maulidi usimpe kitabu kipya. Aandike kasida moja aliyoisikia, nani aliisoma na wapi, na kazi hiyo aikabidhi Jumamosi inayofuata.