Lee Keegan wa Mayo: beki mkubwa asiye na taji

Ndugu, umeuliza iwapo beki wa soka ya Kigaeli (mchezo wa jadi wa Ireland unaotumia mikono na miguu) anaweza kuhesabiwa miongoni mwa wakubwa bila kutwaa ubingwa wa Ireland hata mara moja. Ninaamini kabisa kwamba anaweza, na mfano wangu ni Lee Keegan wa Westport, aliyeichezea kaunti ya Mayo tangu mwaka 2011 hadi alipotangaza kustaafu Januari 2023. Mwaka 2016 alichaguliwa mchezaji bora wa Ireland ingawa timu yake ilifungwa na Dublin katika fainali ya marudiano, heshima ambayo mabeki huipata kwa nadra.

Itazame fainali ya 2017. Keegan, ambaye kazi yake ilikuwa kuwazuia washambuliaji, alipanda mbele na kufunga goli, ambalo katika mchezo huu huhesabiwa pointi tatu. Na dakika za mwisho, Dean Rock wa Dublin alipokuwa akikimbilia mpira wa adhabu wa ushindi, Keegan alimrushia kifaa cha kupimia mwendo alichokuwa amekivaa. Rock hakuyumba, na Dublin ikashinda kwa pointi moja, 1-17 kwa 1-16 (magoli kwanza, kisha pointi). Kitendo hicho sikitetei, lakini kinaonyesha jinsi alivyolitamani taji ambalo Mayo haijalipata tangu 1951.

Akiwa na klabu yake ya Westport alitwaa ubingwa wa Ireland wa daraja la kati mwaka huohuo wa 2017. Haya yote aliyafanya bila mshahara, kwa kuwa mchezo huu ni wa ridhaa.